Mdundo wa Chumba cha Nyuma

Bohari la zamani la karanga la Dodoma lilikuwa limefunguliwa upya asubuhi ile ile, na tayari watu walikuwa wakicheka humo kama ndugu waliokutana harusini. Hilo lilimtia Siwema shaka kabla hajauvuka mlango vizuri. Kazi yake ilikuwa kufufua majumba ya kale, na alijua jambo moja ambalo wenye fedha hawapendi kuambiwa: jengo halichangamki siku ya kwanza. Lipu inakuwa bado bubu. Watu huingia, hushika glasi zao za juisi, husimama kila mtu na wale aliokuja nao, husifu dari, halafu huenda zao.

Hawa hawakuwa na haraka ya kwenda popote. Bwana mmoja mwenye kanzu alikuwa amemshika mkono fundi bomba asiyemjua kabisa, anamsimulia jinsi mkewe alivyomwacha. Fundi bomba naye analia. Akina mama wawili waliogombea kiti dakika chache nyuma walikuwa wanakula sahani moja.

Siwema alifanya lile alilolizoea katika kila jengo. Alisogea pembeni, akabandika kiganja ukutani.

Kwanza alihisi mvumo wa kawaida wa lipu hai, ule mtetemo mdogo unaopita chini ya mazungumzo na kuwatia watu moyo wa kusema. Kisha, chini ya mvumo, ukaja mdundo.

Aliutambua kwa mgongo, si kwa masikio. Mgongoni ndipo alipopigiwa, kwa kiganja cha kungwi wake, siku alipokuwa mwali amefunikwa kanga katika chumba cha nyuma cha Ghala la Mizani, kwao Tanga. Mdundo ule haupigwi kwenye ngoma wala hautajwi jina. Mwali hupewa siku ya mwisho ya unyago wake, na akishaupokea hautoi nje ya chumba hata kwa mumewe, hata kwa kuunong'ona. Hukaa nao mpaka siku atakapompa mwali mwingine.

Na hapa, kwenye meza iliyokuwa karibu naye, mwanamume mwenye tai alikuwa anaupigapiga kwa vidole kando ya sahani yake ya sambusa. Siwema alitamani kumkamata vidole vile avivunje.

Kati ya wote waliowahi kupewa mdundo ule, wawili tu walifanya kazi na lipu hai, nao tu wangeweza kuufikisha Dodoma. Mmoja alikuwa yeye mwenyewe. Wa pili alikuwa anamjia akitabasamu, amevaa gauni la kijani, mikono ameitanua.

"Mwali mwenzangu!" Hidaya alisema. "Nilijua hutaniangusha, utakuja."

*

Ofisi ilikuwa juu, penye dirisha la kutazamia ukumbi. Siwema hakukaa.

"Umekata miche ya lipu kutoka chumba cha nyuma," alisema.

Hidaya alifunga mlango polepole. Siwema alikuwa ameomba njiani, ngazi kwa ngazi, kwamba mwenzake akane. Akane tu, hata kwa uongo wa kitoto.

"Nimekata," Hidaya alijibu.

Walianza kazi pamoja wakati miaka ya joto ilipokuwa imeziua baraza zote za nje. Jua likishapanda hakuna aliyeweza kukaa kibarazani, kila mtu alijifungia na kiyoyozi chake, na mji mzima ukasahau kusalimiana. Kilichobaki na ubaridi wa bure ni majumba ya kale yenye kuta nene, nayo yalikuwa yanabomoka. Hidaya, aliyesomea vijidudu, alipata aina moja inayojenga chokaa kufuata mtetemo. Ukiichanganya kwenye lipu, hula madini na kujenga vijituta vidogo visivyoonekana, kulingana na sauti na pumzi za watu waliomo ndani. Ukuta unajiziba nyufa wenyewe. Na kadiri unavyowasikia watu, ndivyo unavyozidi kuwafaa: unazibeba sauti zao vizuri, unawarudishia mvumo wao wenyewe ukiwa umetulia. Siwema alichukua lipu ile, akaipatia madirisha mapana, viti vya mawe vyenye kina cha kukaa mtu na mtoto wake, vijia vinavyowalazimisha watu wakutane. Ghala la Mizani, walimokuwa wakipimia marobota ya katani enzi za wakoloni, likawa sebule ya mji.

Lakini chumba cha nyuma kilikuwa na wenyewe. Kina mama walikitumia kwa shughuli zao tangu ghala lilipoachwa tupu, na bila ridhaa yao kazi isingeanza. Walikubali kwa sharti moja, kwamba ukuta wao usikumbuke kitu. Siwema akabuni maji makali ya kupita ndani ya lipu na kuyeyusha vijituta kila shughuli inapokwisha. Walikula kiapo wote wawili, yeye na Hidaya, wamekaa mkekani mbele ya kungwi wao.

"Ufunguo wa maji nilikuachia wewe," Siwema alisema.

"Mwanzoni nilikuwa nafuta. Baadaye nikaacha."

"Kwa nini, Hidaya?"

"Nilijaribu kuta zote za mbele, shoga yangu. Miche ya ukumbi wa kahawa inatoa ubishi wa mpira, watu wanaingia wananuniana. Ya upande wa mama lishe inatia watu njaa. Kile chumba ndicho pekee ambacho waliomo wanaaminiana. Nikipandikiza hapa, mtu anaongea na jirani yake siku ya kwanza. Si umemwona yule mwenye kanzu? Yule hajafungua kinywa kwa mtu tangu mwaka jana."

"Kina mama waliaminiana kwa sababu hapakuwa na mtu anayewasikiliza."

"Hakuna neno lao hata moja lililotoka. Ni mdundo tu."

"Mdundo ndio wenyewe, na wewe unajua! Tulipewa siku moja, chini ya kanga moja!"

Hidaya alikwenda dirishani, akawatazama watu wake chini. Alipogeuka hakuwa na hasira. Alisema kwa upole, kwa sauti ya mtu aliyelifikiria jambo lake mapema na kulimaliza.

"Basi shuka uwaambie. Kipaza sauti kipo pale. Waeleze huu ni mdundo wa nini, hupigwa wapi, na nani, na kwa ajili gani." Alisubiri. "Huwezi. Nakujua kuliko mtu yeyote, Siwema, na najua huwezi. Kwa hiyo tusaidiane tu. Kampuni yangu ina majengo mengine manne yanasubiri."

Hapo ndipo Siwema alipoumia kweli. Angeibiwa na mgeni asiyejua thamani ya alichochukua, angetukana, angelala, na kesho yake angeanza kupigana. Huyu alijua. Huyu aliupima uaminifu wa mwenzake, akauona hautikisiki, kisha akaijenga biashara yake yote juu yake.

*

Alipeleka malalamiko kwenye Bodi ya Majumba ya Kale hata hivyo. Walisikilizwa Tanga, katika chumba chenye feni tatu na wajumbe watano, mwenyekiti akiwa Bwana Kihiyo, jaji mstaafu mwenye adabu nyingi na subira ya kutosha.

"Mkataba uko wazi," Bwana Kihiyo alisema. "Unalinda mila za watumiaji wa jengo. Ikithibitika kwamba mila imechukuliwa, kampuni itang'oa miche yote kwa gharama yake. Sasa, Bi Siwema, tueleze. Kilichochukuliwa ni nini?"

"Ni sauti ya chumba cha nyuma, mheshimiwa."

"Sauti ya nini?"

"Ya wenyewe, mheshimiwa."

Hidaya aliinua mkono taratibu. Alikuwa amevaa baibui siku hiyo, na uso wa huruma. "Mheshimiwa, tumekuja na kipande cha ukuta wa Dodoma. Tunaweza kukiunganisha na umeme hapa hapa. Bodi isikilize, na mwenzangu atuonyeshe ni wapi pana mila."

Alikuwa ameshaanza kukifunua. Kilikuwa cheupe, kidogo, cha kubebeka mkono mmoja.

"Usikiwashe!" Siwema alipiga kelele mpaka karani akadondosha kalamu. "Hidaya, nakuomba. Usikiwashe mbele ya watu."

Hidaya alikifunika tena. Hakukuwa tena na haja ya kukiwasha.

Sentensi moja ingetosha. Siwema alikuwa nayo mdomoni, imekamilika, na akiisema ameshinda. Lakini ushindi wenyewe ungekuwa vipi? Mdundo ungeelezwa, ungepigwa ili uthibitishwe, ungewekwa katika kumbukumbu za bodi, na yeyote mwenye udadisi angekuja kuomba nakala. Kina mama wangerudishiwa mali yao ikiwa imeshavuliwa nguo.

"Binti yangu," Bwana Kihiyo alisema, na alionekana kusikitika kwa dhati, "unatuomba tulinde kitu usichotaka kutuonyesha."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Siwezi kufanya hivyo."

"Naelewa, mheshimiwa."

Nje jua lilikuwa kali kiasi cha kuuma macho. Hidaya alifungua mwavuli wake na, kwa mazoea ya tangu usichana wao, akausogeza umfunike na Siwema. Siwema alitoka kivulini. Alitembea juani mpaka kwa Bi Mwanakombo, na hakuuona urefu wa njia kwa hasira.

*

Bi Mwanakombo, kungwi wao, alikuwa anachambua mchele mbele ya televisheni, tamthilia inaendelea. Hakuizima mpaka Siwema alipofika kwenye habari ya mwanamume wa sambusa. Hapo alisukuma ungo pembeni, punje zikamwagika.

"Mwanamume?" aliuliza.

"Wengi, Somo. Ukumbi mzima."

Bi Mwanakombo alikaa akimtazama. Mkono wake wa kulia, ule uliowapiga wanawali wote wa mtaa ule migongoni, aliukalia.

"Nilikuuliza siku ile," alisema. "Nilikuuliza mara mbili kama ukuta huu una masikio. Ukaniambia una masikio lakini unasahau. Na yule mwenzako akaitikia kwa kichwa, mwanaharamu, akaitikia na chai yangu mkononi." Kisha machozi yakamtoka, na yalimchoma Siwema kuliko matusi. "Niambie. Huo ukuta wako unakula nini?"

"Madini. Lakini bila sauti na pumzi za watu haujengi, na usipojenga unakufa."

"Na hiyo ya Dodoma?"

"Ile ni miche, Somo. Hufifia. Lazima iletewe mbegu mpya kutoka kwetu mara kwa mara, la sivyo inapotea. Ukuta wa chumba cha nyuma ukifa, mdundo utakufa kila mahali."

"Basi fungua hayo maji yako makali uufute."

"Kampuni ya Hidaya ndiyo inayolisimamia jumba, na imebadilisha kufuli. Na hata ningeweza, mdundo umeshazama ndani mno, maji hayaufikii tena. Kilichobaki ni kuiua lipu yenyewe, na..." Siwema alishindwa, akaanza upya. "Lipu ni mwili mmoja, Somo. Chumba cha nyuma, ukumbi wa kahawa, upande wa mama lishe, yote ni moja. Chokaa ya zamani tuliitoa yote. Lipu ikifa, mawe hayana kinachoyashika. Jumba zima litakwisha. Watu watarudi kujifungia majumbani na joto lao."

"Kwa hiyo ama jumba, ama sisi."

"Ndiyo."

Alitegemea aamriwe. Alikuwa tayari kutii, na kutii kungempunguzia mzigo. Bi Mwanakombo alianza kuokota punje za mchele moja moja sakafuni.

"Mimi siwezi kukuamulia hilo," alisema bila kuinua uso. "Chumba ni chetu. Jumba umelifufua wewe, na wanaokaa humo ni watu wako. Nenda kawatazame usoni, halafu ujue mwenyewe."

*

Salehe, muuza kahawa wa ukumbi wa mbele, alikuwa anagonganisha vikombe vyake kuwaita wateja. Siwema alisimama mbele yake na hakujua aanzie wapi.

"Nataka kukuomba jambo, kaka Salehe. Nataka mnyamaze. Nyote, mkiwa humu ndani."

"Tunyamaze kwa sababu gani?"

"Siwezi kusema."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka ukuta ufe."

Salehe alitazama juu, kwenye tao kubwa jeupe ambalo Siwema alilichora na kulifuta mara nyingi mpaka likakubali. "Na ukuta ukifa, sisi je?"

"Mtahama. Hakutakuwa na pa kukaa. Samahani sana."

"Si tuondoke tu, basi?"

"Mkiondoka kampuni italeta wengine wa kuongea. Mkataba unasema viti vikiwa na wenyeji, hawaruhusiwi kuleta wageni. Inabidi mkae."

Wacheza dhumna walikuwa wameacha kucheza, wanasikiliza. Mama Chausiku, mama lishe, alikuwa amesimama na mwiko mkononi. Kazi ya watu hawa wote ilikuwa humu, na Siwema aliona aibu kuwaangalia. Bodi ilidai sababu ikanyimwa, ikakataa, na haikukosea. Hawa walikuwa na haki kubwa zaidi ya kudai.

"Mama yangu alichezwa unyago chumba kile," Salehe alisema mwishowe. "Na mke wangu pia. Sijawahi kuambiwa walifunzwa nini, na sijauliza." Alikusanya vikombe vyake, akaviweka kimoja kimoja juu ya kitambaa ili visilie. "Halafu mimi mke wangu huninyamazia wiki nzima nikimuudhi. Mazoezi ninayo."

Walicheka, na kile kilikuwa kicheko cha mwisho ambacho ukuta ule ulikula.

Walikuja kila siku jua lilipopanda, wakaketi. Dhumna zililazwa mezani pole pole. Mama Chausiku alipakua kwa kuonyeshwa vidole. Watoto waliotoka madrasa waliambiwa ni mchezo, na kwa kweli waliucheza vizuri kuliko wakubwa. Chumba cha nyuma kilijaa kina mama waliokaa mkekani na kanga zao, midomo imefungwa. Kampuni ilileta spika ikazipigisha muziki, lakini vijidudu havidanganyiki na spika, vinataka sauti inayotoka na pumzi ya mtu. Mvumo ulipungua. Ukuta ulianza kupoteza ubaridi, kisha rangi, na Siwema, aliyekuwa akipita kuugusa kila siku, alirudi nyumbani akilia kwa sauti kwa sababu nyumbani kuliruhusiwa.

Hidaya alikuja mwenyewe. Alivuka ukumbi wa mbele akisalimia, hakuitikiwa, akaingia chumba cha nyuma na viatu vyake mkononi.

"Shikamoo, Somo," alisema.

Bi Mwanakombo alimtazama tu. Katika chumba kile hakuna aliyewahi kuona shikamoo ikiachwa bila marahaba, na Hidaya alirudi nyuma hatua nzima.

Akaanza kuongea. Aliongea na kina mama mmoja mmoja kwa majina yao. Alisema Dodoma watu waliokuwa wapweke sasa wana rafiki, na hilo lilikuwa kweli. Alisema majumba manne yatabaki magofu, na hilo pia lilikuwa kweli. Akasema jumba hili litaanguka, na atakayelaumiwa ni Siwema. Sauti yake ilikwenda ukutani ikafa pale pale. Alibandika sikio, akasikiliza, uso ukambadilika.

Ndipo alipofanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Aliinua kiganja na kuanza kuupiga mdundo ukutani, mbele yao wote, ili aupe ukuta uhai. Aliupiga sawasawa, bila kukosea hata pigo moja. Alikuwa mwanafunzi mzuri tangu zamani.

Kina mama walifunika nyuso kwa kanga. Siwema hakufunika. Aliona lipu kavu ikipasuka chini ya kiganja cha mwenzake, aliona kipande cha kwanza kikidondoka, halafu ubao mzima wa lipu ukashuka na kuacha mawe wazi. Hidaya aliendelea kupiga hata pale palipokuwa jiwe tupu, mpaka kiganja kikatoka damu. Ufa ulikuwa umeshapita juu ya mlango kuelekea kwenye tao la ukumbi wa mbele. Huko Salehe aliinua birika lake, akawaonyesha wenzake njia ya nje kwa kidevu.

"Siwema," Hidaya aliita, amejaa vumbi jeupe mpaka kwenye kope. "Mwali mwenzangu. Siwema!"

Tangu utoto, kila Hidaya alipomwita, hata wakiwa wamegombana, Siwema alikuwa amemwitikia "Abee". Neno lilimjia lenyewe mpaka kwenye meno, na kulizuia kulimuuma kuliko kulizuia lile la mbele ya bodi. Alimshika Bi Mwanakombo mkono akamwinua mkekani, wakatoka na wengine kwenye jua, na nyuma yao Hidaya aliendelea kuita.